Somo: Kuchagua akaunti ya benki ya mtandaoni Marekani, na la kufanya wakikufungia ghafla

Ilikuwa Ijumaa jioni, nimesimama kwenye foleni ya kulipia, mtoto ananivuta shati, kadi ikakataa. Nikaichomeka tena, ikakataa tena. Nikasogea pembeni nikafungua programu ya benki kwenye simu. Badala ya salio nikakuta mistari miwili: akaunti yako imefungwa, salio litatumwa kwa hundi kwenye anwani yako. Na anwani waliyokuwa nayo ni ya nyumba niliyohama miezi saba nyuma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afungue akaunti ipi, sianzi na riba wala zawadi ya kujiunga. Namuuliza: wakikufungia leo, utaongea na nani, na utaishi kwa pesa ipi mpaka hundi ifike? Somo hili nimelipanga kwa swali hilo. Linahusu akaunti ya hundi ya Marekani, ile ya matumizi ya kila siku, mshahara unapoingia na kodi ya nyumba inapotoka.

Hatua ya 1: Jua kama ni benki au ni programu tu

Shuka hadi chini kabisa ya tovuti yao, kwenye maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuna anayeyasoma. Ukikuta wameandika kwamba kampuni hii si benki, na kwamba huduma za kibenki zinatolewa na benki fulani iliyo mwanachama wa FDIC, basi unayeongea naye ni mtu wa kati. Pesa yako inakaa kwingine.

Tofauti hiyo ina uzito. FDIC, shirika la bima ya amana lililoundwa mwaka 1933, linakinga hadi dola 250,000 kwa kila mteja, kwa kila benki, kwa kila aina ya umiliki wa akaunti. Lakini bima hiyo hulipa benki inapoanguka, si mtu wa kati anapoanguka. Mwaka 2024 ilifilisika Synapse, kampuni iliyokuwa ikiunganisha programu kadhaa za fedha na benki. Zaidi ya watu 100,000 walishindwa kugusa pesa zao, na hesabu zilipolinganishwa likaonekana pengo la kati ya dola milioni 65 na 96. Benki zenyewe zilikuwa bado zimesimama, kwa hiyo bima haikuwa na cha kulipa.

Sisemi programu hizi zote ni mbovu. Mimi mwenyewe ninayo moja. Ila siweki humo pesa ya kodi ya nyumba. Kuhakiki benki, ingia kwenye ukurasa wa FDIC unaoitwa BankFind, andika jina, uone kama lipo. Vyama vya akiba na mikopo navyo, karibu vyote, vina bima ya kiwango hichohicho chini ya NCUA, shirika la serikali la vyama hivyo, na vingi vina dirisha la kumkuta mtu uso kwa uso. Watu wetu huvipita bila kuviangalia, sijui kwa nini.

Hatua ya 2: Ada

Hapa usipoteze siku nzima. Angalia makato ya kila mwezi, adhabu ya kutoa zaidi ya salio, mashine za kutolea pesa bila malipo, na kama kuna njia ya kuweka pesa taslimu. Hilo la mwisho ndilo linalowaumbua wanaolipwa taslimu, maana benki nyingi za mtandaoni hazina pa kuziweka.

Hatua ya 3: Wapigie simu kabla hujawa mteja

Piga Jumapili saa mbili usiku. Ukipata mashine inayokuzungusha, au huduma yao yote ni kuandikiana ujumbe ndani ya programu, kumbuka kwamba wakikufungia, huenda programu hiyohiyo isikuruhusu kuingia. Mlango wa kulalamikia utakuwa umefungwa pamoja na akaunti.

Hatua ya 4: Fungua mbili, kwenye benki mbili tofauti

Moja kuu, nyingine ya dharura. Katika ile ya pili weka walau pesa ya wiki mbili, na kadi yake iwe imeshawashwa, si imelala kwenye bahasha. Akaunti mbili ndani ya benki moja hazihesabiki, kwa sababu wakikukataa wanakukataa na zote. Kila mwezi pakua taarifa ya akaunti uihifadhi nje ya programu. Ukihama, badilisha anwani kabla hujafungua maboksi. Hilo nimeshalilipia.

Hatua ya 5: Usiifanye akaunti yako ifanane na ya tapeli

Benki za Marekani zinabanwa na sheria ya mwaka 1970 ya kupambana na utakatishaji wa fedha, na kompyuta zao zinachunguza miamala usiku na mchana. Kompyuta haijui nia yako. Inaona sura tu: akaunti changa, pesa nyingi zimeingia ghafla, zimetoka siku hiyohiyo.

Sasa tazama upatu wetu. Watu kumi na wawili wanamtumia mweka hazina dola 500 kila mmoja tarehe mosi, na tarehe pili dola 6,000 zote zinakwenda kwa mtu mmoja. Kwetu huo ni uaminifu wa miaka. Kwa mashine, hiyo ni pesa inayopitishwa tu. Ikiwa wewe ndiye mweka hazina, fungueni akaunti ya kikundi na mwieleze benki mapema kazi yake. Vivyo hivyo biashara ndogo: pesa ya wateja isipite kwenye akaunti binafsi.

Na usikubali kamwe kumwekea mtu hundi yake "kwa sababu akaunti yangu ina shida". Hundi ikirudi siku kumi baadaye, deni ni lako, na jina linalochafuka ni lako.

Hatua ya 6: Wakishafunga

Kwanza piga picha ya ujumbe wao, na kila kitu unachokiona bado: salio, miamala, namba ya akaunti. Fanya hivyo kabla hujaanza kugombana na mtu.

Halafu, siku hiyohiyo, mwambie mwajiri abadilishe akaunti ya mshahara. Malipo yanayokwenda kwenye akaunti iliyofungwa kwa kawaida hurudishwa kwa aliyetuma, lakini yanaweza kuchelewa siku kadhaa, na idara ya mishahara haina haraka kama yako. Kisha kodi ya nyumba, bima ya gari, simu, umeme: kila kinachojikata chenyewe.

Ndipo uwapigie benki. Usipoteze pumzi kuuliza "kwa nini". Mkataba uliokubali kwa kubofya unawaruhusu kufunga karibu wakati wowote, na kama waliwasilisha serikalini ripoti ya muamala wa kutilia shaka, sheria inawakataza kukuambia kwamba ipo. Kijana wa huduma kwa wateja mara nyingi hata yeye hajui. Uliza mambo yanayojibika: salio ni kiasi gani, hundi inatumwa lini, kwa anwani ipi, naithibitishaje anwani mpya, kumbukumbu ya shauri hili ni namba ngapi? Andika jina la uliyeongea naye na saa.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko CFPB, shirika la serikali la kuwalinda wateja wa huduma za fedha, kwenye consumerfinance.gov. Kampuni hutarajiwa kujibu ndani ya siku 15, na jambo zito hadi siku 60. Ikiwa jina la benki linaishia na herufi N.A., msimamizi wake ni OCC, ofisi ya serikali inayosimamia benki za kitaifa, nako wanapokea malalamiko. Andika kifupi: tarehe, kiasi, unachotaka. Mimi niliandika aya nne, na simu ya kwanza ya mtu aliyejua shauri langu ilikuja baada ya hapo.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nimekataliwa benki tatu mfululizo baada ya kufungiwa. Wameniweka kwenye orodha?*

Inawezekana sana, dada yangu. Benki nyingi huangalia ChexSystems, kampuni inayotunza kumbukumbu za wateja wa benki, ambako taarifa ya akaunti iliyofungwa kwa deni au kwa kushukiwa utapeli hukaa kwa kawaida miaka 5. Aliyekukataa kwa sababu ya ripoti hiyo anatakiwa akupe notisi inayosema ilitoka wapi, na una siku 60 za kuomba nakala ya bure. Isome mstari kwa mstari. Kama kuna uongo, pinga kwa maandishi na uambatanishe vielelezo. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Kama ni deni la kweli, lilipe na udai barua ya kuthibitisha. Wakati unasubiri, tafuta akaunti zenye cheti cha Bank On, mpango wa akaunti nafuu. Zimetengenezwa bila adhabu ya kutoa zaidi ya salio, na nyingi haziwakatai watu kwa makosa madogo ya zamani.

*Hundi ya salio ilipotea njiani. Pesa imeliwa?*

Hapana. Omba waisimamishe watoe nyingine, kwa anwani mpya, kwa barua inayofuatiliwa. Watakusainisha fomu na huenda wakakuambia usubiri. Ukiiacha miaka bila kudai, pesa huhamishiwa kwenye mali zisizodaiwa za jimbo, na bado unaweza kuidai huko.

*Nina dola 14,000 taslimu za kuuza gari. Niziweke kidogokidogo nisiwashtue?*

Usithubutu, mdogo wangu! Kuweka zaidi ya dola 10,000 taslimu kunaandikiwa ripoti ya kawaida, benki inaijaza, yameisha. Kuzikatakata kwa makusudi ili kukwepa ripoti hiyo ndilo kosa la jinai, hata kama gari lilikuwa lako na pesa ni halali. Nenda mara moja, beba karatasi za mauzo.

*Wamezuia tu, hawajafunga. Nisubiri?*

Subiri ukiwa unafanya hatua ya 6, yote isipokuwa ya malalamiko. Wakiomba kitambulisho au uthibitisho wa kipato, wapelekee siku hiyo, picha isiyo na ukungu, pembe zote nne zionekane. Nusu ya waliokwama niliowasaidia walikuwa wametuma picha iliyokatwa pembe.

*Samahani mwalimu, hundi yako wewe ilifika?*

Ilifika siku ya 34. Aliyehamia kwenye nyumba yangu ya zamani aliihifadhi juu ya friji, akanipigia.