Muziki wa Chinichini Katika Jengo la Abiria: Jinsi ya Kuuweka Bila Kuyaua Matangazo

Mwongozo huu ni wa fundi wa sauti aliyeambiwa na uongozi wa kiwanja cha ndege, "Tuwekee muziki, abiria watulie." Iwe ni kiwanja kidogo cha mkoani chenye ukumbi mmoja, au jengo kubwa kama Jengo la Tatu la Julius Nyerere, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2019, kazi ni ileile na mtego ni uleule: watu hukimbilia nyimbo kabla hawajasikiliza jengo lenyewe.

Abiria hana wasiwasi kwa sababu ukumbi hauna muziki. Ana wasiwasi kwa sababu hajui: ndege imechelewa au imeondoka, geti limebadilika au ni lile lile, jina lililoitwa ni lake au la mwingine. Dawa ya hayo ni tangazo linalosikika. Muziki unamsaidia baada ya hapo, pale anapokuwa ameshajua na amebaki na kazi ya kusubiri tu. Hapo una nguvu ya kweli. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio ya wagonjwa waliokuwa wakingoja upasuaji, yalionyesha kuwa kusikiliza muziki kunaweza kuwapunguzia wasiwasi. Lakini mgonjwa amelala kitandani na muuguzi atamfuata alipo. Abiria hafuatwi na mtu. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu matangazo, na nyimbo zinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Itembee njia ya abiria

Chukua daftari na ramani ya jengo. Anza mlango wa kuingilia, pita ukaguzi, kaunta za mizigo, uhamiaji, hadi kiti cha mwisho kwenye geti. Kisha fanya upande wa wanaowasili. Kila sehemu jiulize mambo mawili: mtu hapa anatakiwa kusikia maelekezo ya mdomo? Na hapa anasimama, anatembea, au amekaa?

Mimi siweki muziki kwenye ukaguzi wa usalama. Pale askari anasema "vua mkanda, toa kompyuta", na abiria anayesafiri mara ya kwanza anahitaji kila neno. Siweki uhamiaji, ambako maswali yanaulizwa kupitia kioo. Siweki karibu na chumba cha sala. Na siweki kwenye korido za kuelekea mageti. Hili la mwisho wenye maduka hulipinga, na wana sababu zao: mwaka 1982 mtafiti Ronald Milliman alionyesha kuwa muziki wa mwendo wa polepole dukani ulipunguza kasi ya wateja kutembea, na mauzo yakapanda kwa asilimia 38.2. Kwa mwenye duka ni habari njema. Kwa abiria ambaye geti lake linafungwa baada ya dakika 10, kupunguziwa mwendo ni kuachwa na ndege.

Zinazobaki ni sehemu za kungojea: viti vilivyo baada ya ukaguzi, foleni ndefu ya kaunta kwa kiasi kidogo, na mkanda wa mizigo, ambako watu husimama wakitazama tundu lisilotoa kitu.

Hatua ya 2: Pima kelele

Nunua au azima kipima sauti cha kweli. Programu ya simu inafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine, lakini usiitegemee kwa namba utakayoiandika kwenye ripoti. Weka kipimo cha dBA, yaani desibeli zinazofuata usikivu wa sikio la binadamu, chukua wastani wa dakika kadhaa, na pima kwenye kimo cha sikio la mtu aliyekaa, yaani karibu mita 1.2. Pima saa ya msongamano, pima saa ya utulivu, na pima kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, kwa maana mara nyingi kelele kubwa ya ukumbi ni kiyoyozi chenyewe.

Namba hizi ndizo zitakazokuongoza. Kama ukumbi una desibeli 60, tangazo linatakiwa lisikike angalau desibeli 10 juu yake, yaani 70 au zaidi kidogo. Muziki uweke usawa wa kelele au chini yake kidogo. Kumbuka kwamba sauti mbili zenye nguvu sawa zikikutana zinaongeza desibeli 3: kelele ya 60 na muziki wa 60 zinakupa ukumbi wa 63, na sasa tangazo nalo linabidi lipande.

Ukumbi ukizidi desibeli 68 hivi, mimi huzima muziki kabisa. Binadamu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujijua. Jambo hili lilielezwa na Étienne Lombard, daktari wa masikio wa Ufaransa, mwaka 1911. Ukiongeza muziki, watu wanaongea kwa nguvu zaidi, wewe unaongeza tena, nao wanaongeza tena. Ukumbi huo hautulizi mtu.

Hatua ya 3: Tengeneza matangazo kwanza

Usipite hapa haraka. Majengo ya abiria yamejaa vioo, marumaru na dari ndefu, kwa hiyo sauti inazunguka na kurudi kama mwangwi, na neno la kwanza linaligonga la pili. Kuongeza volyumu hakusaidii, kwani mwangwi nao unaongezeka. Kinachosaidia ni kuwa na spika nyingi zilizo karibu na watu, kila moja ikiwa na sauti ndogo, badala ya spika chache zinazopiga kelele kutoka mbali.

Kwa dari ya kawaida, tumia hesabu hii. Chukua kimo cha dari kutoka sakafuni, toa mita 1.2 za kimo cha sikio, zidisha kwa 2. Hicho ndicho kipenyo cha duara linalofikiwa na spika ya dari inayotawanya sauti kwa pembe ya nyuzi 90. Dari ya mita 3 inakupa mita 3.6, kwa hiyo spika zisiachane zaidi ya hapo. Dari ikifika mita 8 au 10, achana na spika za dari. Funga spika ndefu za ukutani au kwenye nguzo, zielekezwe kwa watu.

Kisha fanya jaribio lisilohitaji mashine. Tafuta watu wachache wasiofanya kazi hapo, wakalishe sehemu tofauti, wape karatasi, na umwombe mtangazaji asome namba za ndege na za mageti. Kwa Kiswahili zingatia sana tatu na tano, sita na saba, kwa kuwa zinaanza kwa herufi moja na tofauti yake iko katika silabi fupi ambazo mwangwi huzila kwa urahisi. Wakikosea, usiendelee na muziki. Kama uongozi una bajeti ya vipimo, omba kipimo cha STI, kinachoonyesha kwa namba kati ya 0 na 1 jinsi maneno yanavyoeleweka. Kwa mifumo ya matangazo ya dharura, 0.5 ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa mara nyingi.

Mfundishe pia mtangazaji: asitafune kipaza sauti, aseme polepole, na aitaje namba ya geti mara mbili.

Hatua ya 4: Laini na kanda

Jengo kubwa linatumia laini ya volti 100, yaani waya mmoja mrefu unaolisha spika nyingi kutoka amplifaya moja. Kila spika ina transfoma yenye swichi ya kuchagua wati. Jumlisha wati za spika zote za laini moja na uhakikishe hazizidi asilimia 80 ya uwezo wa amplifaya. Mfano: spika 24 za wati 6 ni wati 144, amplifaya ya wati 240 inazibeba bila kuhema. Kona fulani ikipiga kelele kuliko nyingine, shusha swichi ya spika hizo kutoka wati 6 hadi 3, na sauti itashuka kwa desibeli 3. Hivyo utasawazisha ukumbi bila kugusa sehemu nyingine.

Gawa jengo katika kanda, yaani maeneo ambayo kila moja linaweza kupewa sauti yake peke yake, kwa kufuata ramani ya hatua ya 1, usifuate njia rahisi ya kupitisha waya. Geti moja, kanda moja. Hapo tangazo la geti la 4 halimsumbui aliyelala geti la 9.

Hatua ya 5: Nani anamkatiza nani

Panga ngazi kwenye mfumo: dharura juu kabisa, kisha matangazo ya ndege, kisha matangazo ya geti, muziki mwisho. Tangazo likianza, muziki uzimike wote. Wengi huushusha tu ukabaki unavuma chini ya sauti ya mtangazaji, na hapo ndipo maneno yanapopotea. Mpangilio wangu: muziki unafifia kwa sekunde 1, kengele ya tangazo, tangazo, ukimya wa sekunde 2 au 3, kisha muziki unarudi taratibu kwa sekunde 5. Ukimya ule wa katikati unampa abiria nafasi ya kumwuliza jirani, "Amesema geti gani?"

Chumba cha wageni maalumu, mgahawa na ofisi za mashirika huwa na kitufe cha volyumu ukutani. Hakikisha kila kitufe kina relay (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 24 inayokipita wakati wa dharura. Mtu akiwa ameshusha volyumu hadi sifuri, tangazo la kuondoa watu kwenye jengo lazima limfikie.

Hatua ya 6: Nyimbo

Usiweke nyimbo zenye maneno. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia shairi la taarab lenye fumbo, atalifuata mpaka alifumbue, na tangazo litampita. Maneno ya lugha asiyoijua nayo yanamfanya adhani ni tangazo.

Tafuta vipande vya ala tupu, mwendo wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, visivyo na ngoma za kushtua wala sauti inayopanda na kushuka ghafla. Hazina tunayo nyumbani. Vikundi vya taarab vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vina desturi ya kupiga bashrafu, vipande vya ala bila mwimbaji: udi, kanuni, fidla. Kuna ilimba ya Wagogo, kuna nyatiti ya Waluo ikipigwa taratibu. Waiteni wapigaji, warekodini, walipeni vizuri na muandikiane mkataba. Mgeni anayetua atajua ametua wapi, na mwenyeji anayerudi atajua amefika.

Kila kipande kisikilize chote kabla ya kukikubali. Kataa chenye kengele inayofanana na kengele ya tangazo. Kila ikilia, ukumbi mzima utainua vichwa. Kataa chenye mlio wa king'ora. Kisha sawazisha vyote kwa kipimo kimoja cha LUFS, yaani ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kwa mfano −23, ili kipande kinachofuata kisiruke juu ya kilichotangulia. Kwenye ikwalaiza, punguza muziki kidogo kati ya kilohezi 1 na 4, kwa sababu huko ndiko konsonanti za maneno zinakoishi, na watu bado wanaongea.

Orodha iwe ndefu. Abiria anakaa saa 2. Mfanya usafi, askari na mtu wa kaunta wanakaa zamu ya saa 8. Orodha ya saa 2 wataisikia mara 4 kwa siku, kila siku. Mimi sishuki chini ya saa 12, na hupanga upya kila wiki. Wafanyakazi hawa ndio wanaombeba abiria aliyechanganyikiwa; tukiwachosha wao tumemchosha yeye.

Mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno alitoa mwishoni mwa miaka ya 1970 albamu iliyotungwa mahususi kwa viwanja vya ndege, muziki unaoweza kukatizwa na tangazo bila kuharibika, na mwaka 1980 ulipigwa Marine Air Terminal ya LaGuardia, New York. Kigezo hicho kinafaa hadi leo: kikate kipande popote, na kama masikio yanaumia, kiache.

Hatua ya 7: Saa za ukimya

Zima usiku watu wakiwa wamelala kwenye viti. Zima wakati wa adhana ikiwa chumba cha sala kiko jirani. Upande wa wanaowasili, uwe na utaratibu na watu wa mizigo: familia inapopokea mwili wa marehemu, ukumbi unyamaze kabla hawajaingia. Maombolezo ya kitaifa, ajali, au ndege iliyopoteza mawasiliano: muziki unazimwa papo hapo, majengo yote. Weka swichi moja iliyoandikwa ZIMA MUZIKI kwenye chumba cha matangazo, na kila msimamizi wa zamu ajue ilipo.

Tenga pia eneo moja la viti lisilo na muziki kabisa. Wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia, na watoto wenye usonji, hupata tabu kubwa sauti zinapopandana. Viwanja vingine, kama cha Dubai na London City, vimechagua kupunguza hata matangazo na kuwategemeza abiria kwenye mbao za maelezo. Kwetu, ambako wengi bado wanangoja kuitwa, singeshauri kwenda mbali hivyo.

Hatua ya 8: Leseni

Akaunti ya muziki ya simu yako ni ya matumizi binafsi. Kuipiga ukumbini ni kosa. Tanzania anza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya anza KECOBO, bodi ya hakimiliki, uulize ni vyama gani vina leseni ya kukusanya mirabaha kwa wakati huo. Ulichorekodi mwenyewe kwa mkataba hukurahisishia mambo, mradi mkataba utaje wazi kupigwa hadharani.

Hatua ya 9: Jaribu kwa kubadilishana

Wiki moja muziki, wiki moja bila, urudie. Hesabu maswali kwenye dawati la maelezo, na hesabu majina yanayoitwa mara ya mwisho getini. Usimwulize abiria kama ameupenda muziki. Atakujibu ndiyo kwa adabu. Mwulize: "Tangazo lililopita limesema nini?" Wakishindwa kujibu wengi zaidi wiki za muziki, shusha desibeli 3 na urudie mzunguko mzima. Wakishindwa tena, rudi hatua ya 3.