Kuchagua divani ya kupumzikia: ya kale, ya zamani au mpya

Kitanda cha kupumzikia, kile ambacho wengi wetu hapa Lubumbashi tunakiita divani, kina kazi mbili: mchana kinakaliwa, na mgeni akifika usiku kinalaliwa. Kwa hiyo hakichaguliwi kwa macho peke yake. Mimi huanza upande wa chini. Kabla sijauliza bei, humwomba muuzaji tukilaze ubavu, kisha napiga magoti na kutazama mbao ambazo hakuna aliyejisumbua kuzipaka vanishi, kwa kuwa kitambaa kilichochakaa hubadilishwa kwa siku mbili tatu, lakini kiunzi kikioza umenunua kuni.

Majina yanayotumiwa na wauzaji yanahitaji uangalifu. Kwa desturi ya biashara ya samani, kitu huitwa cha kale kikiwa kimetimiza miaka 100 au zaidi. Kilicho na umri mdogo kuliko huo, lakini kimepita miaka 20 hivi, ndicho cha zamani. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, kwa hiyo anayekuambia kwamba divani yake ni ya karne ya 19 hana budi kukueleza ilifikaje hapa. Za kale zenye sifa zilitoka mbali, kama ile yenye kichwa kilichoinuka na kupinda, ambayo Wafaransa waliipa jina la Madame Récamier, mwanamke aliyechorwa na Jacques-Louis David mwaka 1800 akiwa amejinyoosha juu ya kiti cha namna hiyo. Kinachopatikana kwetu kwa urahisi zaidi ni samani za zamani, za wakati wa Wabelgiji, zilizobaki katika nyumba za katikati ya mji na kupita mikono mingi tangu hapo. Hizo ndizo ninazozipendelea, na sioni haya kusema hivyo: mbao zake zimekwisha kukauka kwa miongo mingi, na kama zilikuwa na kasoro ya kupasuka, zimeshapasuka.

Umri wenyewe unasomeka chini ya divani. Pitisha vidole kwenye ubao wa ndani: uliorandwa kwa mkono huwa na mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni lakini ngozi huyahisi, na uliopita kwenye mashine huwa sawa kabisa. Parafujo zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea katika miaka ya 1930, na sponji ya viwandani ilienea kuanzia miaka ya 1950. Ukivikuta ndani ya divani inayodaiwa kuwa ya mwaka 1900, ama imetengenezwa upya ama si ya mwaka huo. Kutengenezwa upya si aibu, ila bei inapaswa kuonyesha hivyo. Tazama pia maungio. Pale ambapo ulimi wa ubao mmoja umeingia katika tundu la mwingine, kazi hiyo itakuzika. Pale ambapo kona zimeshikwa na misumari na gundi pekee, sukuma kichwa cha divani kwa kiganja na usikilize kama kinalia.

Wadudu ndio wanaonitia hofu kuliko yote. Tafuta vitundu vya mviringo vyenye upana wa milimita moja au mbili, kisha gonga ubao kwa ngumi juu ya karatasi nyeupe. Kikidondoka kitu laini na cheupe kama unga wa bukari, wadudu bado wamo ndani na wanakula. Vitundu vikiwa vyeusi na vikavu, pengine walikwisha kuondoka. Wadudu hao hupenda hasa ile sehemu ya rangi hafifu iliyo karibu na ganda la mti, na si moyo wake. Kwa hiyo katika mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, chagua mbao za hudhurungi zisizo na ukanda mweupe pembeni. Mti huo ukikauka vizuri haupindi ovyo, na moyo wake huwashinda mchwa.

Ukiagiza mpya kwa fundi, swali la kwanza ni ukavu. Mwaka mmoja nilichukua divani mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila alasiri, na mbao zake nilikuwa nimeziona zimeegemezwa kwenye ukuta nje ya karakana. Ilipofika mwezi wa nane, hewa ikiwa kavu na vumbi limejaa, ulimi wa mguu wa mbele ulikuwa umelegea kiasi kwamba niliuchomoa kwa mkono, na ubao mrefu ulikuwa umepasuka tangu ncha hadi katikati. Mbao zinazokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka mzima kwa kila unene wa sentimita 2.5, tena zikiwa zimepangwa chini ya paa na vijiti kati yake ili upepo upite. Omba kuonyeshwa zilipopangwa.

Vipimo visikusumbue sana. Upana wa sentimita 80 hadi 90 na urefu wa 190 au 200 unamtosha mtu mzima kulala, na kimo cha 40 hadi 45 kinamwezesha mzee kuinuka bila kushikwa mkono. Tatizo ni kwamba aketiye huhitaji kina cha sentimita 50 au 55 tu, kwa hiyo agiza pamoja na takia mbili nono za kujaza nafasi ya nyuma. Kwa sponji, uliza uzito wake, si unene tu: iliyo chini ya kilo 30 kwa mita moja ya ujazo hubonyea mapema ikikaliwa kila siku.

Za kisasa zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zina mvuto wake, hasa zile zinazoiga divani iliyobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe mwaka 1930, yenye miguu ya chuma na godoro la ngozi lililogawanywa kwa miraba. Ya asili hushikiliwa na mikanda ya mpira juu ya kiunzi cha mbao. Katika nyingi za kuiga utakuta ubao mwembamba wa maganda ya mbao yaliyoshindiliwa, na ngozi ya plastiki inayobanduka ikipigwa na jua. Ikiwa divani yako itakaa barzani, usinunue hiyo.

Barzani hapo hapo, iache sentimita kumi kutoka ukutani na isogeze kila mwezi. Mji huu umezungukwa na vichuguu virefu kuliko nyumba, na mchwa hupanda kwa njia ya udongo isiyozidi upana wa kidole, nyuma ya mguu ambao hakuna anayeutazama.