Jinsi ya Kukagua Mazingira ya Shule Binafsi ya Ada Nafuu Kabla Hujalipa

Mzazi anayetafuta shule ya mchepuo wa Kiingereza Mbagala au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, kwa ada anayoimudu, akifika shuleni hutembezwa. Kazi hiyo ya kutembeza wazazi nimeifanya kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo njia yake naijua: geti, ofisi, darasa la awali lenye michoro ukutani, chumba cha kompyuta, kosta ya shule, kisha fomu. Mwanao atashinda zaidi kwenye sehemu ambazo njia hiyo haipiti, na ndizo ninazotaka ukazione.

Hatua ya 1: Chagua siku

Nenda siku ya masomo, ufike kabla ya mapumziko ya saa nne asubuhi. Siku maalumu ya kupokea wazazi usiitegemee, maana kila kitu kimefagiliwa. Ukipata nafasi wakati wa masika, nenda kesho yake baada ya mvua kubwa. Shule nyingi za ada nafuu zimebanwa kwenye viwanja vya makazi, na matope yatakuonyesha maji yanakosimama, kama yanaingia madarasani, na kama shimo la choo limejaa.

Hatua ya 2: Ofisini, kwa ufupi

Omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu. Jina la kwenye cheti lifanane na la kwenye bango la getini. Ukiambiwa wana bweni, uliza kibali cha bweni. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hiyo shule inayokubali kumlaza mtoto wa darasa la pili lazima ikuonyeshe karatasi hiyo.

Hatua ya 3: Vyoo

Hapa usiwe na haraka. Mwongozo wa serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Uliza idadi ya wanafunzi, kisha nenda ukahesabu mwenyewe. Hesabu milango inayofunguka tu. Shule yenye wasichana 240 na matundu 12 imetimiza kiwango kwenye karatasi, ila kama matano yana kufuli na funguo ziko kwa walimu, yamebaki 7, yaani wasichana 34 kwa kila tundu.

Kengele ya mapumziko ikilia, simama kwa mbali uangalie foleni. Fungua bomba la kunawia. Yakitoka maji, angalia chini yake: kama sakafu imekauka na kipande cha sabuni hakina hata alama ya kidole, basi vimewekwa kwa ajili yako. Ingia choo kimoja, ufunge mlango kwa ndani. Komeo lisipofunga, binti wa darasa la sita hatakitumia. Ulizia pia chumba cha kujistiri wakati wa hedhi, na taka zake zinachomwa wapi. Mwalimu wa kike atakujibu vizuri kuliko meneja.

Hatua ya 4: Darasa la tano au la sita

Darasa la awali ndilo linalopakwa rangi kila mwaka. Wewe omba kuona la wakubwa. Kaa dawati la mwisho usome ubaoni. Angalia kama mwalimu anaweza kupita katikati ya madawati akafika hadi kwa mtoto wa nyuma. Asipoweza, madaftari ya huko hayakaguliwi. Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. Kisha tazama juu. Bati lisilo na dari, saa saba mchana Dar es Salaam, linachosha watoto wakasinzia, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki.

Hatua ya 5: Njia za kutokea

Septemba 2020 moto katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, Kagera, uliua wanafunzi 10. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa bwenini Endarasha, Nyeri, nchini Kenya. Kwa hiyo bwenini usione haya kuuliza maswali mengi. Je, kuna milango miwili, na inafunguka kwa nje? Usiku inafungwa kwa kufuli, na ufunguo anakaa nao nani? Madirisha yana nondo? Vitanda vya dabodeka vimeziba mlango wa pili? Matroni analala wapi? Muulize yeye mwenyewe namba ya Zimamoto. Ni 114, na anatakiwa kuitaja bila kufikiri.

Hatua ya 6: Jiko na maji ya kunywa

Ulizia vyeti vya afya vya wapishi, na uone stoo ya mahindi na maharage inavyokaa. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba. Ndoo iliyo wazi yenye kikombe kimoja cha kuchotea haifai.

Cha kusamehe na kisichosameheka

Ada nafuu haiwezi kujenga kila kitu, na kuna shule nzuri zenye kuta zisizopigwa lipu. Mimi nasamehe kukosa basi, uwanja mdogo, hata kukosa chumba cha kompyuta, ambacho mara nyingi hufunguliwa mgeni akija. Choo, maji, njia ya kutokea na nyaya za umeme zinazoning'inia sizisamehe hata kama ufaulu wao ni wa kwanza wilayani.

Hatua ya 7: Lipa kwa awamu

Ukiridhika, lipa awamu ya kwanza tu, hata ukipewa punguzo la kulipa mwaka mzima. Baada ya wiki mbili muulize mtoto anatumia choo gani shuleni na maji ya kunywa anayapata wapi. Akiwa kila siku anafika nyumbani anarusha begi na kukimbilia chooni, au chupa ya maji inarudi kavu na kichwa kinamuuma, rudi shuleni ukaongee na mwalimu mkuu kabla awamu ya pili haijafika.