Jinsi ya kuosha udongo mpaka uone visukuku vya bahari, hata ukiwa geto hapa Dar

Wadau, kila wikiendi watu wanakaa juu ya yale mawe yenye matundu pale Coco Beach wanakula mihogo na wengi hawajui wamekalia nini. Yale ni matumbawe ya zamani, yalikuwa hai chini ya maji, sasa hivi yako nje yanapigwa jua. Ila mi leo nataka tuongelee viumbe vidogo zaidi, vingi ni vidogo kuliko punje ya mchele, vinaitwa foraminifera. Kila kimoja kinajijengea gamba lake, kikifa gamba linazama linafunikwa na tope, tope linakuwa tabaka, na ndo maana wataalamu wakichimba kisima cha gesi huku pwani wanaangalia haya magamba kujua wamefika kwenye tabaka la umri gani.

Anza na mchanga wa bahari, usianze na jiwe, utakata tamaa bure. Subiri maji yakupwe, nenda Kigamboni au Kunduchi, tafuta ule mchanga uliojikunja kama bati la nyumba, kwenye vibonde vya yale makunjo ndo vitu vyepesi vinajikusanya, kwangua juu juu tu na kijiko, vijiko vitatu vinne vinatosha kabisa. Bongoyo na Mbudya usichukue kitu, kule ni hifadhi.

Kama una udongo wa mfinyanzi, labda kuna watu wanachimba kisima mtaani au umetoka nao safari ya Kilwa, hapo kuna kazi zaidi. Kwanza kabisa andika karatasi kwa penseli (wino ukilowa unapotea) umetoa wapi na mita ngapi kutoka juu, uiweke ndani ya mfuko hapohapo ulipo, usiseme ntaandika nikifika home. Mi nishawahi kurudi na mifuko mitano isiyo na karatasi nikaimwaga yote, iliniuma sana, maana tabaka la chini ndo la zamani na la juu ndo jipya, usipojua ipi ilikuwa wapi huna cha kusoma tena.

Haya, anika huo udongo mpaka ukauke kabisa, siku mbili za jua la Dar zinatosha. Watu wengi wanaruka hii hatua, ila mfinyanzi uliokauka ukiumwagia maji unapasuka na kumumunyuka wenyewe, wenye unyevunyevu unabaki bonge hata uuloweke wiki. Weka maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo tu, uache ulale mpaka asubuhi. Usitwange, utavunja magamba. Na siki au limau visisogee hapo kabisa kwa sababu magamba mengi ni chokaa, asidi inayala, ukidondoshea utaona yanatoa mapovu na baada ya muda hamna kitu.

Maabara wanatumia chekeche lenye matundu ya maikroni 63, ni madogo kiasi kwamba tope linapita na magamba yanabaki juu. Kama huna, tumia beseni: jaza maji, koroga taratibu, hesabu kama dakika moja ili vizito vizame, halafu mwaga yale maji machafu polepole, rudia tena na tena hadi maji yawe meupe, inaweza kufika mara ishirini na mgongo utauma lakini usikate njia. Kinachobaki chini kianike juu ya karatasi.

Sasa kinyunyize kidogo juu ya kitu cheusi, mi natumia jalada la daftari, chukua lenzi ya kukuza mara 10 au ile ya kubana kwenye kamera ya simu. Aina inayoitwa Amphistegina utaijua, iko kama dengu iliyopigwa polishi, inang'aa. Peneroplis ni kama kipepeo cha kupepea jiko. Sorites ni bapa duara kama sarafu. Ukiona mviringo wenye mistari inayozunguka umekipata, kiguse na brashi ndogo ya rangi uliyoilowesha kidogo, kitanata, kihamishe.

Kusoma maana yake ni hivi. Hayo mabapa makubwa mengi yanaishi na mwani ndani yake kwa hiyo yanahitaji mwanga, yakijaa kwenye tabaka fikiria maji ya kina kifupi. Ukikuta mengi yako kama mapovu yaliyoshikana, hayo yanaelea, kwa hiyo hapo palikuwa bahari ya wazi. Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi unajulikana duniani kwa hili, magamba ya mamilioni ya miaka bado yanapitisha mwanga kama kioo, kwa kuwa mfinyanzi ulizuia maji kupenya na tabaka hazikuzikwa chini sana. Mle kuna Hantkenina, yenye miiba, inapotea kabisa kwenye tabaka za miaka kama milioni 34 iliyopita, wakati barafu inajijenga Antaktika. Yaani ukiikuta haijachanganyika na kitu, unajua huo udongo haujawa mpya kuliko hapo.

Na hiyo ya kuchanganyika ndo adui mkubwa, gamba moja likinasa kwenye chekeche linahamia sampuli ya kesho. Kwa hiyo ukimaliza sugua chekeche, halafu lichovye kwenye maji yenye rangi ya bluu ya methilini, kisha lisuuze. Kesho ukiona gamba la bluu, usilihesabu, hilo ni la jana.