Roketi ya Maji: Izungushe kwa Uzi Kwanza, Ndipo Uirushe

Ndugu wanachama, roketi ya maji ni chupa yenye maji kidogo inayorushwa juu kwa upepo wa pampu. Yangu ya kwanza niliirusha Raskazone, hapa Tanga, maji yakiwa yamekupwa. Ilipanda kama mita tano, ikageuza kichwa, ikarudi chini kwa kasi na kujikita mchangani hatua tatu kutoka pale walipokaa wapwa zangu. Nilirudi Makorora kimya. Chupa ilikuwa nzima, kizibo kilishika vizuri, upepo ulitosha. Kosa lilikuwa moja: sikujua uzito wa roketi yangu umekaa wapi. Kipimo chake ni cha dakika tano nyumbani, na ndicho nitakachokikalia sana katika somo hili.

Hatua ya 1: Chupa

Tafuta chupa ya soda ya plastiki ya lita moja na nusu. Usichukue chupa ya maji ya kunywa. Ile ni nyembamba kwa sababu haikutengenezwa kubeba mgandamizo. Soda ina gesi, kwa hiyo chupa yake imeundwa kuvumilia. Ikague kwenye mwanga. Ikiwa na mkwaruzo wenye kina, mkunjo au doa jeupe, itupe. Lebo ibandue kwa maji ya kawaida. Maji ya moto hulainisha plastiki hiyo, na chupa iliyolainika haiaminiki tena hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Hatua ya 2: Mapezi

Mapezi matatu au manne, yote sawasawa, yakae chini kabisa karibu na mdomo wa chupa, maana roketi husimama mdomo ukiwa chini. Boksi la karatasi likilowa linalegea. Mimi nakata majalada magumu ya plastiki ya mafaili. Usibandike kwa gundi kali ya matone wala gundi ya moto, kwani zote zinaweza kuidhoofisha chupa. Tumia silikoni ya mafundi wa madirisha, kisha zungushia selotepu pana. Iache ikauke usiku kucha.

Hatua ya 3: Pua na mwavuli

Pua tengeneza kwa kukata nusu ya juu ya chupa nyingine. Ncha yake iwe ya duara na laini: nusu ya mpira wa tenisi inafaa sana. Ndani weka udongo wa mfinyanzi uliofungwa ndani ya nailoni, kiasi cha gramu 40 kwa kuanzia. Usiweke jiwe, misumari wala betri. Kitu hiki kitarudi chini, na lazima ufikirie kichwa cha mtu.

Mwavuli wa kushukia nakata kutoka kitambaa cha mwavuli wa mvua uliovunjika, upana wa sentimita 60, na kamba nane za mshipi wa kuvulia. Kwa roketi tupu ya gramu 200 hivi, itashuka kama mita 4 kwa sekunde. Ukunje chini ya pua, na pua ikae juu ya chupa bila kubana, ili roketi inapopoteza mwendo kule juu na kuanza kuinama, pua ichomoke yenyewe. Pua na chupa viunganishwe kwa kamba moja imara.

Hatua ya 4: Izungushe

Hapa usiharakishe. Funga kila kitu mahali pake, mwavuli ukiwa ndani, lakini chupa iwe tupu. Bandika pua kwa kipande cha selotepu ili isichomoke. Ilaze roketi juu ya kidole kimoja, isogeze mbele na nyuma mpaka itulie bila kuinamia upande wowote. Pale kidole kilipo ndipo uzito ulipokusanyika. Weka alama kwa kalamu. Funga uzi wa katani hapo, ushikize kwa selotepu usiteleze, kisha nenda uwanjani, uiachie kama mita mbili na uanze kuizungusha juu ya kichwa chako.

Tazama pua. Roketi nzuri itatangulia kwa pua, kama mshale. Roketi mbaya itatangulia kwa mkia, au itapindukapinduka. Yangu, ile ya Raskazone, nilipoizungusha baada ya ajali ilikwenda ubavu, ikitikisika kama samaki aliyenasa. Nikaongeza udongo gramu 10, nikahamisha uzi, nikazungusha: bado ubavu. Gramu 10 nyingine: ikatikisika, ikasita. Gramu 10 za tatu: pua ikageuka yenyewe ikashika njia, na mkono wangu ukausikia uzi umetulia. Nilizungusha mara ishirini kwa furaha tu.

Sababu yake ni hii. Roketi ikiwa hewani huzunguka kwenye kituo cha uzito wake. Hewa nayo huikamata roketi kana kwamba imeishika mahali pamoja, na mapezi yanapahamishia mahali hapo nyuma. Pale hewa inaposhika pakiwa nyuma ya uzito, roketi ikiyumba hewa huurudisha mkia mahali pake. Pakiwa mbele, hewa hiyohiyo inaipindua. Wazoefu hutaka nafasi kati ya vituo hivyo viwili isipungue upana wa chupa. Kwa hiyo ukishindwa, dawa ni mbili tu: ongeza uzito puani, au ongeza ukubwa wa mapezi.

Hatua ya 5: Kizibo na pampu

Muone fundi baiskeli. Hapa Tanga hutatembea mbali. Akukatie valvu ya tyubu kuukuu ya pikipiki, ile yenye nati, aipitishe katikati ya kizibo cha mpira kinachoingia kwa nguvu mdomoni mwa chupa. Mwambie aitoe sindano ya ndani ya valvu. Kisha unganisha mpira mrefu wa mita 6 hadi kwenye pampu yenye geji, na karibu na pampu weka koki ndogo ya kutolea upepo. Roketi ikigoma kuruka, unafungua koki ukiwa mbali. Bila koki utalazimika kuisogelea chupa iliyojaa upepo, jambo ambalo simruhusu mtu yeyote kulifanya.

Hatua ya 6: Kuruka

Bandika vipande viwili vya mrija ubavuni mwa chupa, uviingize kwenye nondo nyembamba iliyonyooka ya zaidi ya mita moja, iliyochomekwa ardhini. Nondo hiyo huishikilia roketi mpaka ipate kasi ya kutosha mapezi yafanye kazi. Ncha yake ivalishe kifuniko hadi dakika ya mwisho, maana mtu akiinama hovyo inatoboa jicho. Jaza maji nusu lita, yaani theluthi ya chupa. Sukuma kizibo, simamisha, kila mtu asogee angalau mita 6, hesabuni kwa sauti, pampu. Kizibo kizuri huachia geji ikisoma kati ya pauni 30 na 40 za mgandamizo. Ukifika 60 bado iko palepale, fungua koki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Pangani: Kaka, roketi inaondoka na nusu kilo ya maji mkiani. Mbona unapima ikiwa tupu?

Swali zuri, mwalimu. Kwenye pauni 40 maji hutoka kwa kasi ya mita 23 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na chupa husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 20. Nusu lita yote huisha chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo safari yote iliyobaki ni ya chupa tupu, na ndiyo unayoizungusha.

Kijana wa Ngamiani: Shikamoo. Nikijaza maji mengi zaidi si itapaa zaidi?

Marahaba mwanangu. Hapana. Nguvu imehifadhiwa kwenye upepo uliobanwa. Maji ni mzigo wa kutupwa nyuma tu. Ukijaza maji tele, upepo unakosa nafasi, na roketi inabeba maji ambayo haina nguvu ya kuyatupa. Jaribu mililita 300, 500 na 800 siku moja, uandike.

Mama wa Chumbageni: Mnajuaje imefika juu kiasi gani?

Dada, chukua kipimapembe cha shule, kining'inizie uzi wenye kijiwe. Simama mita 50 kutoka kwenye nondo, lenga roketi ilipofika kileleni, soma pembe. Mara ya mwisho nilipata nyuzi 31. Tanjenti yake ni 0.6, mara 50 ni mita 30, ongeza mita moja na nusu ya urefu wa jicho langu.

Mwanachama wa Muheza: Na zile za moto? Si unaweza kuchanganya mwenyewe?

Ndugu yangu, usichanganye chochote. Huko Marekani mchezo huu ulianza kushika mwaka 1957, wapenzi wa roketi Orville Carlisle na G. Harry Stine walipoungana ili vijana waache kujiumiza kwa mabomba ya kujitengenezea. Hadi leo mota, yaani injini za roketi hizo, hununuliwa zikiwa tayari, zimepangwa kwa herufi, kila herufi ikiwa na nguvu hadi mara mbili ya iliyotangulia, na kuanzia H mtu hupimwa ndipo aidhinishwe. Kwetu vilipuzi vina sheria na vibali vyake. Kwa maji utajifunza karibu yote hayo, na vidole vyako vikiwa kumi.

Kijana wa Ngamiani: Pwani yetu iliwahi kurusha roketi ya kweli?

Jirani zetu wa Kenya, ndiyo. Karibu na Malindi Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout ilipeleka angani setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Walichagua pale kwa sababu karibu na ikweta uso wa dunia wenyewe hukimbia kuelekea mashariki kama mita 465 kwa sekunde, na mashariki kuna bahari tupu. Nayo Scout ilikuwa na mapezi mkiani, kama yako.

Mwanachama wa Bagamoyo: Huku kaskazi ikivuma, nirushe saa ngapi?

Mapema, saa moja asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Roketi iliyosawazishwa vizuri hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo itainamia baharini kidogo, kisha mwavuli utairudisha nchi kavu. Usiilaze nondo kusaidia. Kaa mbali na madau yaliyopaki na mbali na njia ya ndege, angalia maji yanapwa saa ngapi, na makuti yakianza kupiga kelele, fungeni virago mje kesho yake.