Kabla Hujaenda Kupiga Picha Laini za Maua Mtwara na Lindi

Ile picha ya ua ambamo rangi zinachanganyika na ua lenyewe linaonekana nusu tu huwa imepangwa, na mpango wenyewe huanza nyumbani. Uamuzi wa kwanza ni wa mandhari ya nyuma. Wengi hutafuta ua kwanza, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kwenye picha ya namna hii nyuma ndiko kunakojaza fremu. Chini ya mikorosho jua hupenya kwenye vitundu vya majani, na lenzi ikiwa wazi kabisa kila kitundu hugeuka duara la mwanga. Ua zuri likisimama mbele ya ukuta wa bati, achana nalo.

Kisha angalia kalenda. Mikorosho huchanua kati ya Juni na Septemba hivi. Ua lake ni dogo, huanza na weupe wenye mistari ya waridi, halafu huzidi kuwa jekundu linapozeeka, kwa hiyo shada moja lina rangi zote mbili kwa pamoja. Lakini huo ndio msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na vumbi lile halifai kwa mapafu wala kwa lenzi. Muulize mwenye shamba amepuliza lini. Na umuulize baada ya shikamoo, kabla hujaitoa kamera: mgeni mwenye begi aliyeinama chini ya mikorosho ya watu, hasa korosho zikishaanza kuanguka, ana maelezo mengi ya kutoa. Mimi maua haya nayapenda, ila nikiambiwa nichague nitakwenda bara, upande wa Nachingwea na Liwale, miombo inapotoa majani machanga mekundu kabla ya mvua. Huko huhitaji hata ua. Ukitaka kuingia kwenye misitu ya hifadhi kama Rondo, shughulikia kibali mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Kwa upande wa pwani, mikoko ya ghuba ya Mikindani ina msinzi, aina mojawapo ya mkoko, wenye vikonyo vyekundu vinavyopendeza sana vikipigwa na mwanga wa kutokea nyuma. Jua saa za maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, usiende mbali na njia uliyoingilia. Ndala ziache nyumbani, tope litazimeza.

Upepo ndio unaoharibu kazi nyingi. Maua ya korosho huja wakati kusi inavuma, na ukiwa karibu sana na ua, kutikisika kidogo tu kunalitoa kwenye fokasi. Uwe shambani saa 12 asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu. Ukichelewa, geuza mpango: punguza kasi ya shata hadi 1/8 ya sekunde na uache shada lichore lenyewe.

Vifaa havihitaji kuwa vya gharama. Lenzi ya makro ya milimita 100 ni nzuri, lakini hata lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi), ikiwekewa pete za kuisogeza mbele, inatosha. Fahamu tu kwamba kwa f/2.8, ua likitua kwenye sensa ya fremu nzima (full frame) kwa ukubwa uleule lililo nao kihalisi, sehemu iliyo kwenye fokasi haifiki hata nusu milimita. Kwa hiyo zima fokasi ya otomatiki, weka umbali, kisha usogeze mwili wako mbele na nyuma polepole. Chagua kitu kimoja kitakachoonekana wazi, ukingo wa petali au ncha ya stameni. Picha isiyo na hata hicho humchosha mtazamaji. Jani la karibu kabisa na lenzi hutia ukungu wa rangi yake bila kifaa chochote. Wanaopaka Vaseline wapake kwenye filta ya zamani, kamwe wasiguse kioo cha lenzi. Kwa simu, tafuta lenzi ya kubana. Ile hali ya picha ya mtu (portrait) hukata kingo za petali vibaya.

Usidharau upupu. Wakati wa kiangazi maganda yake yamekauka, na vinywele vyake vikishika kitambaa cha kufutia lenzi utajikuna hadi jioni. Vaa mikono mirefu, na kitambaa kikae kwenye mfuko unaofungwa.

Kama umelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje mapema ikiwa bado ndani ya begi, la sivyo lenzi itashika mvuke. Ukirudi, ifute chumvi na uihifadhi pamoja na silika jeli, kwani unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Usifute picha yoyote ukiwa shambani: kwenye kioo kidogo cha kamera huwezi kujua kama ule ukingo mmoja umekaa sawa.