Somo: Skonzi laini za uji wa ngano, kwa oveni au kwa mkaa

Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu nilioka skonzi za futari. Wifi yangu akachukua moja, akaichovya kwenye chai, akaitoa akaitazama, akaichovya tena, mwisho akaiacha humohumo kikombeni na kuvuta sahani ya kaimati. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Kosa lilikuwa unga. Donge likininata mikononi naongeza unga, likinata tena naongeza tena, mpaka linakuwa kavu na tiifu kama la chapati, ninafurahi. Skonzi zikitoka jikoni ni laini kwa sababu bado zina moto, zikifika jioni zinagonga meza. Nimejifunza kwa hasara kwamba donge la skonzi linatakiwa linate. Ukilizoea hilo, mengine yote ni subira.

Nikisema skonzi nina maana ya hizi zetu za hamira, zinazoshikana kwenye trei na ukizivuta zinaachana nyuzinyuzi. Wengine mnaziita mabanzi. Zile za Waingereza za baking powder, zisizokandwa, ni kitu kingine na leo hazimo.

MAHITAJI (skonzi 15)

Unga wa ngano gramu 500. Kama huna mizani ni vikombe 4 vya mililita 250, ujaze kwa kijiko bila kushindilia. Ukichota kwa kukizamisha kikombe mfukoni, unga unazidi na tumerudi kwa wifi.
Maziwa mililita 325, yamegawanywa: 125 ya uji, 200 ya kukandia.
Sukari gramu 60 (vijiko 5 vya chakula).
Hamira ya chenga gramu 7 (vijiko 2 vya chai na kidogo juu).
Chumvi gramu 8 (kijiko 1 cha chai na robo).
Yai 1, na jingine la kupaka juu.
Siagi gramu 50, iwe laini ya kubonyeka, isiyeyushwe.
Iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, ukipenda. Mimi napenda.

HATUA YA 1: UJI

Toa vijiko 3 vya chakula (gramu 25 hivi) kwenye ule unga wako, weka kwenye sufuria ndogo na mililita 125 za maziwa ya baridi. Vuruga mpaka mabonge yaishe kabisa, ndipo uweke kwenye moto mdogo. Koroga bila kuacha. Dakika ya pili au ya tatu utaona mwiko ukipita unaacha njia na chini ya sufuria panaonekana. Epua hapohapo. Usingoje uchemke kama uji wa mgonjwa.

Njia hii ni ya Asia ya Mashariki, Wachina wanaiita tangzhong. Sisi tumeshika mwiko wa uji tangu utotoni, hatuna cha kuogopa. Kazi yake ni hii: wanga ukipata joto la nyuzi 65 hivi unavimba na kushika maji mengi kuliko ungekuwa mbichi. Kwa hiyo unaingiza maziwa mengi ndani ya donge bila kulifanya lichuruzike, na maji hayo yanabaki ndani hata baada ya kuoka. Ndiyo maana skonzi hizi za kesho yake bado zinabonyea.

Acha uji upoe mpaka uwe vuguvugu. Ukiutia wa moto unaua hamira.

HATUA YA 2: KUCHANGANYA

Hamira ya chenga nyembamba changanya moja kwa moja na unga. Ile ya chenga nene loweka kwanza kwenye hizo mililita 200 za maziwa na kijiko kimoja cha ile sukari, dakika 10. Isipotoa povu, itupe ukanunue nyingine, usijipe moyo. Maziwa yawe ya joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hamira ikikutana na nyuzi 60 imekufa.

Weka unga, sukari, chumvi, iliki, yai, uji na maziwa. Siagi bado. Changanya na mwiko mpaka usione unga mkavu, funika, ondoka dakika 20. Kaanike nguo. Unga unakunywa maji wenyewe na nusu ya kazi ya kukanda inakuwa imefanyika.

HATUA YA 3: KUKANDA

Hapa ndipo watu wanapoharibu, nitakaa kidogo.

Mwaga donge kwenye meza isiyo na unga. Narudia, isiyo na unga. Litanata mezani, litanata vidoleni, utaona umekosea vipimo. Hujakosea. Shika kifaa cha kukwangulia, mimi natumia kifuniko cha kopo la aiskrimu nilichokikata katikati. Kwangua, nyanyua donge, lipigize mezani, livute kuja kwako, likunje juu ya lenyewe. Kwangua tena. Dakika nne za kwanza utanilaani. Ya tano au ya sita utasikia limebadilika: linaanza kuiacha meza lenyewe, na uso wake unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ndipo uingize siagi, kipande kwa kipande. Litaachana na kuteleza kama limeharibika. Endelea. Litaikubali.

Jumla ni dakika 12 mpaka 15 kwa mkono. Kupima, chukua kipande kama limau, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikitanuka kuwa utando mwembamba unaoona mwanga upande wa pili bila kuchanika, umefika. Kikikatika mapema, dakika tatu zaidi.

HATUA YA 4: KUUMUA

Paka bakuli mafuta, weka donge, funika kwa kitambaa kibichi au sahani. Dar mwezi wa Februari dakika 45 zinatosha. Saa isikuongoze, tazama donge liwe mara mbili.

HATUA YA 5: KUVIRINGA

Toa hewa kwa kubonyeza kiasi, gawa vipande 15 vya gramu 65 hivi. Kila kimoja kusanya kingo zake zikutane chini, kisha kifunike na kiganja kilichokunjwa kama unashika chungwa, uzungushe mezani. Meza ikiwa kavu bila unga inakishika kwa chini na ngozi ya juu inakazika. Ngozi ikikazika skonzi inapanda juu, ikilegea inatambaa pembeni.

Panga kwenye trei iliyopakwa siagi, tatu kwa tano, ziachane upana wa kidole. Funika, ziumuke tena dakika 30 mpaka 45, zigusane. Bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi haraka bado, likirudi polepole na kubakiza alama kidogo ni wakati wake, lisiporudi kabisa umechelewa, kimbiza jikoni hivyohivyo.

HATUA YA 6: KUOKA

Paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa, kwa mkono mwepesi. Ufuta au habasoda ukipenda. Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 180, trei ya katikati, dakika 18 hadi 20. Zikitoka zipake siagi zikiwa za moto, funika na kitambaa safi dakika 10. Mvuke unalainisha ngozi ya juu.

Kwa mkaa: sufuria nzito yenye skonzi, mkaa kidogo sana chini, mwingi juu ya mfuniko wa bati. Moto wa chini ukizidi, kitako kinaungua na katikati ni mbichi. Mimi naacha makaa matano au sita tu chini, mengine yote napalia juu. Chungulia baada ya dakika 15.

MASWALI

Swali (Njombe): Da, huku mwezi huu baridi kali. Nimekanda saa nne asubuhi, sasa ni saa sita donge limelala kama mgonjwa. Niongeze hamira?

Jibu: Usiongeze mdogo wangu. Hamira iko hai, inasikia baridi tu. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, pembeni yake kikombe cha maji yaliyochemka, funga mlango. Huna oveni, tumia hotipoti kubwa au beseni lililofunikwa, maji ya moto ndani kwenye kikombe. Usiliweke juu ya jiko, upande mmoja utaiva. Na mara nyingi huko kwenu ni saa mbili na zaidi, hiyo ni kawaida.

Swali: Mimi naishi geto, nina jiko la gesi la mtungi mdogo na sufuria mbili. Yai sina. Nisome tu au na mimi nipo?

Jibu: Upo kaka. Badala ya yai ongeza vijiko vitatu vya maziwa. Sufuria kubwa ya zamani, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, funika, moto wa kati dakika 10. Weka sufuria ndogo yenye skonzi sita au saba juu ya mchanga, funika, punguza moto, dakika 25 hadi 30. Juu zitabaki nyeupe, gesi haina moto wa juu. Zigeuze kwenye kikaango dakika moja zipate rangi. Usitumie sufuria mpya ya mama yako, mchanga unaichakaza.

Swali (Muscat): Nataka zile za moto asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini saa moja. Siwezi kuamka saa tisa usiku kukanda unga, mwenzangu.

Jibu: Kanda jioni, likianza tu kuumuka liweke kwenye friji limefunikwa vizuri. Likikaa saa 8 hadi 12 linaumuka polepole na ladha inakuwa nzuri kuliko ya siku moja. Au viringa kabisa usiku, trei ilale kwenye friji, alfajiri itoe ikae kama saa nzima ndipo uoke. Na kama AC inawaka jikoni, funika vizuri, upepo wake unakausha ngozi ya donge na linapasuka.

Swali (Nairobi): Huku tuna pakiti za home baking na za chapati. Nichukue gani?

Jibu: Ile ya home baking inafaa. Geuza pakiti usome protini: gramu 10 hadi 12 kwa gramu 100 ni sawa. Kila unga unakunywa maji tofauti, kwa hiyo mara ya kwanza zuia vijiko viwili vya maziwa, uviongeze ukiona donge ni gumu.

Swali: Zangu zinanukia pombe. Mama mkwe kaniuliza nimetia nini!

Jibu: Mwambie ni hamira. Inakula sukari inatoa hewa na kilevi kidogo, ndivyo ilivyoumbwa, na kikiokwa karibu chote kinaondoka. Ukisikia harufu kali umetia hamira nyingi au umeacha ziumuke kupita kiasi. Gramu 7 zinatosha, usiongeze ili uwahi.

Swali: Tui la nazi badala ya maziwa?

Jibu: Inawezekana na inanoga. Tumia tui la pili, lile jepesi, na siagi punguza iwe nusu. Tui zito lina mafuta mengi, donge linachelewa kuumuka na skonzi zinakuwa nzito.

Swali: Mkate wa dukani unakaa laini siku tano. Wetu siku mbili. Wanatia nini?

Jibu: Viwanda vingi hutumia vitu vya kushikisha mafuta na maji, na dawa ya kuzuia ukungu kama propionati ya kalsiamu. Hivyo vimeruhusiwa. Ambacho mimi sitaki kukisikia ni bromati ya potasiamu, ile ya kuupa mkate kimo. Uingereza waliipiga marufuku 1990, na wataalamu wa saratani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuileta. Ukinunua kiboresha mkate soma pakiti. Zako zihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, juu ya meza. Siyo kwenye friji! Baridi ya friji ndiyo inayoukausha mkate haraka kuliko mahali popote. Zikizidi siku mbili weka kwenye friza, uzipashe.

Swali: Wifi yako siku hizi anakula?

Jibu: Kila Ramadhani ananiagiza trei mbili. Halipi.

Swali (Njombe tena): Da, limeumuka! Nimeviringa, nimepanga, ndiyo naingiza jikoni sasa hivi. Nikichungulia baada ya dakika tano kuna ubaya?

Jibu: Upo. Usifungue kabla ya dakika 15, joto likitoka zinanywea. Kaa mbali na mlango wa oveni, kaoshe vyombo.